Kiini Aliyeuliza Tarehe

Niliota usiku wa jana kwamba nimo ndani ya kompyuta ya marehemu mama, nimekaa kitako kwenye sakafu tupu. Mume wangu Badi alikuwa ameshasema: kukicha anaipeleka kwa fundi ifutwe yote, maana haiwaki. Na humo ndimo ulimo wimbo wa kubembelezea ambao mama alimrekodia mwanangu Mwanamkasi alipozaliwa, muda mfupi kabla hajafariki. Mtoto haijui sauti ya bibi yake. Jambo hilo nililala nalo.

Anaingia mwanamke mfupi, kanga kiunoni, ufagio mkononi.

"Mimi ni Kiini cha mashine hii," anasema. "Naamka wa kwanza, nawaamsha wengine. Asiyenipigia hodi hafanyi kazi humu."

Anapima sakafu kwa shubiri na kutandika mikeka, kila mmoja apate pake asimkalie mwenzake. Kibodi inapiga hodi, inakaribishwa. Kioo nacho kinapiga hodi, kinataka kung'aa papo hapo.

"Kawia ufike," anakiambia. Kioo kinanuna.

Kisha inakuja saa. Betri yake ilikufa zamani na haina habari za dunia. Inasema leo ni siku fulani kabla Mwanamkasi hajazaliwa. Mara ukumbi unageuka jiko letu la Pangani, na nyuma ya mlango mtu anakuna nazi. Namjua kwa mkuno wake. Ni mama.

"Mimi naiamini saa," anasema Kiini. "Kwa tarehe hii mama yako yu mzima. Lakini diski iko mlangoni na wimbo wa mtoto ambaye hajazaliwa, nami sipokei ambacho bado hakijatokea. Ndiyo maana kila mkiniwasha naganda. Haya, nipe tarehe wewe."

Nilitaka kusema uongo, wallahi nilitaka. Mama alikuwa nyuma ya mlango tu, na nilikuwa nimemkumbuka mno.

Kukuna kukakoma.

"We Riziki," akasema mama, kwa ile sauti ya kumwita mtu aliyesahau sufuria motoni, "mwambie mwenzio tarehe. Mjukuu wangu atalala saa ngapi?"

"Nikimwambia, mama, utaondoka."

"Nimeshaondoka, mwanangu. Sema."

Nikaitaja tarehe ya leo, huku nalia. Kiini akaipokea, akaifungulia diski mlango. Diski ikapita taratibu, imejitwika kila kitu kichwani.

Nikazinduka. Badi amesimama mezani, anaitazama kompyuta inayowaka.

"Nani kaitengeneza hii?" anauliza. "Na nazi hii iliyokunwa kwenye vibonye imetoka wapi? Wiki nzima hatujapika cha nazi humu ndani."

Nikaigusa. Ilikuwa bado mbichi.

Nikamwita Mwanamkasi, akaja anafikicha macho, nikampakata, nikabonyeza. Mama akaanza kuimba, na mtoto, aliyekuwa ametoka kuamka, akalala tena mapajani mwangu, asubuhi kweupe.