Mla-Asali na Harusi ya Nyamizi

Usiku wa jana niliota, na ndoto ilianza palepale nilipouacha wasiwasi wangu: stoo. Mimi ni mrina asali wa Sikonge. Msimu ulikuwa mbaya, nikabakiwa na ndoo moja tu, ya harusi ya binti yangu Nyamizi.

Naingia, ndoo inaniambia, "Baba Nyamizi, una mgeni."

Kweli, dubu ameketi kwenye kigoda, amevaa kofia ya sufu, ameshika vitambulisho vinne. Nje, mizinga yangu inaning'inia kwenye misonobari na theluji inaanguka. Nikafunga dirisha.

"Shikamoo," akasema dubu. Nikaitikia. Adabu anayo.

"Warusi wananiita *medved*," akaanza, akinionyesha kimoja kimoja. "Wacheki, *medvěd*. Wapolandi, *niedźwiedź*. Waukraine wamenigeuza miguu juu, *vedmid*. Asili ni moja: mla-asali."

"Na jina lako la kwanza?"

"Limepotea. Wawindaji wa kale waliogopa kulitaja nisije nikaitika, wakanipa hilo la kuzungukia. Na jina ni sheria, mzee. Mla-asali sharti ale asali." Akaivuta ndoo kwa huzuni. "Wala siipendi sana. Inanata."

"Fanya kitu, wewe!" ndoo ikapiga kelele.

Nikamkumbuka marehemu bibi. Usiku hakumtaja nyoka hata siku moja. Alisema "kamba", nasi tukalala salama.

"Hata kwetu tunazungukia," nikamwambia. "Kuanzia leo wewe ni Mjomba."

"Mjomba ana sheria gani?"

"Hagusi chakula cha harusi kabla ya wageni. Na hucheza ngoma mpaka jasho limtoke."

Dubu akafikiri, machozi ya furaha yakamlengalenga. "Wengi wameniogopa," akasema. "Hakuna aliyewahi kunialika harusini."

Akaupiga mfuniko kwa makucha, ukalia kama ngoma. Tukacheza, mimi, yeye na ndoo, hadi theluji yote ikayeyuka. Sijafurahi hivyo tangu harusi yangu mwenyewe.

Asubuhi Nyamizi akaniamsha. "Baba, nani kaukwaruza mfuniko wa ndoo?"

Nikaenda kutazama. Asali imejaa pomoni, haijaguswa. Juu ya mfuniko kuna mikwaruzo mitano, mipana kuliko kiganja changu.

Nikamwita mama yake, nikamwambia tuongeze kiti kimoja upande wa wajomba. Kiti kipana.