Yai Katika Goli la Mabatini

Wanaume wa Mabatini walipoamua kuanzisha timu, kitu cha kwanza walichonunua hakikuwa mpira. Walinunua jezi zenye majina mgongoni, na majina walijichagulia wenyewe. Ndiyo maana fundi Obedi, ambaye akipanda ngazi anashika kiuno, mgongoni anaitwa Radi. Baada ya jezi wakaunda kamati ya ufundi. Asiyeujua mpira wetu atadhani ufundi ni kupiga pasi. Ufundi ni uganga. Kwingine timu mpya inaanza kwa kukimbia kuzunguka uwanja. Hawa walianza kwa kumpelekea mzee mmoja ng'ambo ya ziwa kuku mweupe.

Mwenyekiti wao Jovinary, mstaafu wa benki, ni mtu wa kuvaa suti hata akienda kunyoa. Mkutanoni alisema timu itakuwa ya watoto na wakubwa, kila mmoja acheze, mtaa ujenge afya. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, maana mjukuu wangu Modesta, wa darasa la sita, alikuwa hanipi raha, anataka kuwa kipa. Chungwa ukimrushia analidaka kwa kuruka, anaangukia masufuria.

Watoto walipewa uwanja siku zile ambazo wakubwa wamechoka. Kwa bahati nzuri wakubwa walichoka karibu kila siku. Modesta akadaka, akivaa glavu za baba yake za kubebea nondo, na wavulana wakazoea kufokewa naye.

Kisha ikapangwa mechi ya ufunguzi, tucheze na Igoma, watoto kwanza halafu wakubwa. Siku chache kabla, Ngosha akaja kwangu. Ngosha anauza vipuri vya baiskeli, na ndiye mkuu wa kamati ya ufundi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa, Ngosha, tumbo lisikuelemee."

"Nimekuja kwa heshima. Modesta asiingie uwanjani Jumapili."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Dawa imeshafukiwa. Mzee kasema mwanamke asikanyage nyasi mpaka mechi iishe. Dawa itapoa."

"Nyasi zipi? Uwanja ule ni vumbi na mawe."

"Ndivyo tunavyosema sisi wa ufundi, Bibi."

"Na ikipoa?"

"Tutafungwa."

"Na isipopoa?"

Akafikiri. Nikamsaidia. "Mtafungwa nayo ikiwa ya moto."

Modesta alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Hakulia. Alizitundika zile glavu kwenye msumari, akaniuliza kama hata kuangalia amekatazwa. Angelia ningemnyamazisha, yakaisha. Hakulia, na hapo ndipo waliponiudhi.

Jumapili asubuhi, wenzangu wakiwa misa ya kwanza, Mungu anisamehe, nilipita uwanjani na kikapu. Katikati ya goli la upande wa jabali nikamwaga chumvi ya mawe, juu yake nikaweka yai lililozungushiwa uzi mweusi, na ndimu moja huku, nyingine kule. Vyote vya nyumbani kwangu. Uzi ulikuwa wa kushonea sweta la shule.

Mchana Igoma wakafika. Geti la uwanja lilikuwa wazi na mbuzi walikuwa wanapita, lakini wao hawakupita, wakaruka ukuta, maana getini huwezi kujua mwenyeji ametega nini. Kipa wao akaacha kipande cha bukta juu ya tofali. Wa kwetu walicheka sana, ilhali nao walikuwa wametoka kuruka ukuta wa upande wa pili, kuingia uwanja wao wenyewe.

Radi ndiye aliyeliona yai. Alikimbia. Tangu timu ianze sikuwahi kumwona akikimbia namna ile.

"Igoma mmetuwekea," akasema akihema.

"Sisi?" akasema Nkwabi, nahodha wao, mtu mzima mwenye mvi mpaka kwenye nyusi. "Tumefika sasa hivi. Hilo mmeweka wenyewe, kisha mmesahau."

Jovinary akanyoosha tai. "Ndugu zangu, sisi ni watu wenye elimu. Hilo ni yai tu."

"Basi litoe, Mwenyekiti," Nkwabi akamwambia.

Jovinary akalitazama yai, akavitazama viatu vyake. "Taratibu lazima zifuatwe. Hili ni la kamati."

Kamati, yaani Ngosha, ikalizunguka yai kwa mbali. Ikapiga simu ng'ambo. Mzee hapatikani. Wanaume wa mitaa miwili, wenye watoto na wengine wajukuu, wamesimama wanaogopa kitu ambacho mimi hukaanga kila asubuhi. Watoto wamekaa chini na jezi zao, watu wameanza kuondoka. Ngosha akaniona nimesimama pembeni na Modesta.

"Bibi, wewe ni wa zamani. Unalionaje hili?"

Nikasogea na fimbo yangu. Nikainama polepole, nikanusa ndimu, nikaguna.

"Zito. Limewekwa na mtu mzima anayejua anachokifanya."

"Wa Igoma?"

"Sikusema wa Igoma."

"Sasa linatokaje?"

"Mwanamume asiliguse. Litolewe na mtoto wa kike, na awe kipa. Akishalitoa alinde goli hilohilo, watoto wacheze mpaka jua lizame. Kabla ya hapo mwanamume mzima akikanyaga humu, mimi simo."

"Lakini mzee alisema mwanamke—"

"Mpigie tena basi."

Nkwabi akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, mwanamume litamfanya nini?"

Nikawatazama wote chini ya mkanda, mmoja mmoja. "Nisiseme mbele ya watoto."

Walirudi nyuma mpaka nje ya mstari, Mabatini na Igoma pamoja. Jovinary ndiye aliyetangulia.

Modesta akalitoa yai, akalitia kikapuni kwangu, akatoa humo glavu nilizombebea, akavaa. Nisiwadanganye, alifungwa mabao manne. Moja lilimpita katikati ya miguu, na lingine aliruka kulia mpira ukaenda kushoto. Lakini alidaka mashuti mengine akaangukia changarawe, akainuka kiwiko kinatoka damu, akawafokea mabeki wake kama mama muuza dagaa aliyeibiwa. Mechi ilipokwisha watoto wakaanza nyingine, kwa kuwa jua lilikuwa bado. Wakubwa walikaa juu ya mawe na jezi zisizo na jasho, wakielezana jinsi ambavyo wangeshinda.

Giza likaingia, hawakucheza.

Kesho yake Ngosha na Jovinary wakaja nyumbani.

"Kamati imekaa," Ngosha akasema. "Imeonekana hatukufungwa."

"Hamkucheza."

"Ndiyo, lakini hatukufungwa. Na mzee amepatikana. Anasema hata yeye alikuwa anawaza hivyohivyo. Kwa hiyo Modesta awe kipa wa watoto, kila mechi."

"Isieleweke kwamba ni imani," Jovinary akasema. "Ni kuwapa wachezaji utulivu wa akili."

"Na mazoezi?" Modesta akauliza kutoka ndani.

"Na mazoezi," Ngosha akaitikia upesi, akiutazama mlango kwa woga.

Nikawaambia nimefurahi, ila lile goli la pili, la upande wa barabara, sikulipenda nilivyolitazama jana. Huenda nalo likataka mtoto wa kike. Na pale katikati pia, panapowekwa mpira, pana kitu.

Ngosha akauliza, "Bibi, unawafahamu wasichana wengine?"

"Mtaa umejaa," nikamwambia. "Kawatafutie jezi."