Kofia ya Sixbert

Mdogo wangu Sixbert hakuwa amekula tangu Jumapili. Shavu lilikuwa limevimba kwa jino bovu, na vidonge vyake vya ugonjwa wa akili alivitema kwa maumivu. Hapo ndipo nilipoogopa. Akikosa vidonge sauti zinarudi, anapotelea porini, na mara hii sikuwa na hakika ya kumpata tena.

Lakini jino angeng'olewaje? Hospitali ya kwanza walimshika wanaume wanne, mmoja akamkalia kifuani. Tangu hapo akiona koti jeupe anakimbia. Na watu wa mtaani, hao wananikera mpaka leo, wakimwona wananyamaza, au wanamsemesha polepole utadhani mtoto.

Daktari Pazi, wa meno katika hospitali ya pili, alitoka bila koti, akatukuta bado tuko kwenye benchi nje, mdogo wangu amegoma kuingia. Sixbert alikuwa ameishikilia kofia yake ya sufu kichwani, ile asiyoivua hata kanisani.

"Mnyamwezi huyu?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mnyamwezi wa Chemchem."

Akamgeukia Sixbert. "Mimi Mzaramo. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, wewe jino moja linakushinda?"

Moyo ulinilipuka. Wazaramo ni watani zetu tangu enzi za misafara, sawa, lakini toka Sixbert augue hakuna mtani aliyethubutu kumtania, hata msibani ambako mtani haogopi kitu.

Sixbert alimkazia macho. "Sisi tulibeba, nyie mkacheza ngoma," akasema. Kisha akacheka, mkono shavuni.

"Haya, nionyeshe mzigo wenyewe."

Akafungua mdomo, palepale kwenye benchi!

Ndani, daktari alimwonyesha kila kifaa kabla ya kukitumia, akamwambia akiinua mkono tu, kazi inasimama. Aliinua, na kweli ikasimama. Mimi nikaelezwa kwamba dawa zake zinakausha mate, ndiyo maana meno yanaoza. Kumbe si uchafu, kama majirani wanavyosema. Nilimshukuru sana kwa neno hilo.

Jino lilipotoka, Pazi akainyakua kofia. Nikaruka.

"Haki ya mtani," akasema. "Ukiitaka, ifuate wiki ijayo, nikague kidonda."

Jioni ile Sixbert alikunywa uji na kumeza vidonge. Wiki nzima alitembea kichwa wazi, akimtukana Mzaramo kwa raha zake. Siku ilipofika nilimkuta mlangoni, ameoga, amepiga mswaki.

"Twende, dada, yule mwizi asije akaondoka."

Kidonda kilikuwa kimepona vizuri. Alirudishiwa kofia, akaivaa, akaivua, kisha akaitundika ukutani kwa daktari.

"Ikae hapa," akasema. "Nitaifuata siku nyingine."

Nikalia kwa shukrani mbele ya Mzaramo, naye akaanza kunitania na mimi.