Maziwa Aliyoyakataa Ng'ombe

"Hakuna jani hapa Nyacheki nisilolijua," Jasper alimtangazia Mama Job, jirani aliyekuwa akichuma chai ng'ambo ya ua. "Mimi na mimea tulimaliza fomu foo pamoja!"

Ilikuwa Ijumaa, jua limeinama, na Sabato ikishaingia hakuna kukata nyasi. Nyanya yake, Nyanchoka, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena mwenye mimba kubwa, na malisho ya kesho yalikuwa bado shambani. Jasper alikuwa ameshinda sokoni Kenyenya akichekesha watu. Nyasi za nepia alizokata hazikufika nusu ya mzigo, basi akaugeukia mmea mmoja wa kando ya ua, wenye matunda kama viputo vilivyoota nywele. Panga likapita. Maziwa meupe yakamrukia vidoleni.

"Wewe Jasper! Huo wenzako hung'oa na kutupa. Unaua ng'ombe!"

"Mama Job, maziwa huzaa maziwa. Kesho tutakamua ndoo mbili!"

Akamwaga mzigo wote horini, akafuta jasho usoni kwa mkono uleule. Kabla hajafika mlangoni, jicho likawaka kama limepakwa pilipili.

"Ni nini hii?" nyanya aliuliza, akilimwagia maji jagi baada ya jagi.

"Mdudu, nyanya. Mdudu tu."

Moto ulipungua, ukungu ukabaki. Taa ilipowashwa, Jasper aliiona imevaa pete ya upinde wa mvua. Utani ukamkauka mdomoni. Kama tone moja limefanya hivi, je, ng'ombe mwenye mzigo mzima? Na ndama aliye tumboni? Nyanya alikwisha kumfunga kitambaa chenye maji macho yote mawili na kumlaza. Nje, ng'ombe alikuwa akitafuna taratibu. Jasper akafungua kinywa. Neno "nyanya" likatoka. Kisha, kwa aibu, akageukia ukuta.

Kulipokucha, alikivua kitambaa akatoka mbio huku akijikwaa. Ng'ombe alikuwa amesimama, anacheua, macho maangavu. Horini hapakuwa na unyasi hata mmoja wa nepia, lakini mashina ya ule mmea yote yalikuwa yamesukumwa pembeni, hayajaguswa na jino. Pua ile pana, iliyolowa, ilikuwa imechambua jani kwa jani gizani, na haikuwahi kukanyaga darasa.

Tena juu ya mashina palikuwa na viwavi wenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano, wakila sumu ile kama wageni wa arusi waliofikishiwa sufuria ya matoke. Kuku akaja, akadonoa mmoja, akamtema, akapangusa mdomo chini mara kwa mara, akaenda zake kwa hasira. Jasper akachuchumaa na jicho lake moja zima. Maziwa yaleyale! Yeye yamemtia ukungu, ng'ombe ameyanusa akayakwepa, na kidudu kisicho na mfupa kimeyanywa kikayafanya ngao. Hata kucheka alisahau.

"Nani amenichambulia sumu hii?" Nyanya alikuwa nyuma yake, amevaa nguo za kanisani, pamoja na Mama Job aliyekuja kumpitia.

Jasper akasimama wima. "Mimi, nyanya. Jana. Jani kwa jani."

"Mungu akubariki, mjukuu wangu!"

Mama Job akaihamishia Biblia kwapa la pili.

"Jasper, jana nilikuwa pale kwenye chai. Ulimwaga mzigo wote, ukashika jicho, ukakimbia ukilia 'nyanya, nyanya'. Aliyechambua ni huyo anayecheua."