Barafu ya Jumamosi Kaloleni

Jumamosi saa mbili unusu asubuhi, Mkamburi alipanga mitungi yake minne ukingoni mwa uwanja wa Kaloleni, mtungi wa kijani ukiwa mbele, kisha akajifunga leso ya pili mabegani, kwa maana barafu ingeingia saa tatu. Wanawake wenzake walishafika. Mitungi ilikuwa arobaini na kitu.

Barafu ilikuwa ikija kila Jumamosi tangu mwaka juzi, wiki ile ile watoto walipoanzisha timu yao ya hoki. Ilitoka upande wa reli, ikatambaa juu ya vumbi ikilia kama mlango usiotiwa mafuta, ikaganda unene wa kiganja. Jua la Voi halikuiyeyusha. Ilingoja kipenga cha mwisho. Hapo kina mama waliingia na majembe, wakaivunja, na mtaa ukanywa wiki nzima. Barafu isiyochezewa ilirudi relini isiache hata kikombe kimoja.

Mifereji ya Kaloleni ilikauka miaka sita iliyopita. Chini ya uwanja huo huo lilipita bomba kubwa, likipeleka maji kwa watu wa mbali. Ukilaza sikio chini ulilisikia likienda zake, shwaa.

Golikipa wa timu alikuwa Wakesho, mjukuu wa Mkamburi, mwenye miaka kumi na mitatu. Miguuni alifungwa vipande vya godoro kwa kamba ya katani. Kile kisahani cheusi walichokuwa wakikipiga kilikatwa kwenye tairi ya pikipiki ya kocha wao, Festus, ambaye siku nyingine zote alikuwa mwendesha bodaboda.

Siku hiyo watoto wa Mwatate walikuja kucheza nao. Barafu ikaingia saa tatu kamili, ikafika katikati ya uwanja, ikasimama, kama ilivyofanya kila palipokuwa na mwenye kinyongo. Goli la Wakesho likabaki vumbini.

"Kuna mtu hapa ana kitu moyoni," akasema Festus, bila kupandisha sauti. "Mwenyewe atoke. Jua halitungoji."

Mama mmoja akamgeukia mwenzake.

"Wakio, si ni wewe na ule ugomvi wa kuku?"

"Hasira ya kuku niliitema Alhamisi, na mwenye kuku akiona!" Wakio akajibu. "Tafuteni kwingine."

Mkamburi alijua. Jumatano, Wakesho alifua jezi yake kwa maji ya mwisho nyumbani, yaliyowekwa ya kupikia pure, mahindi na maharagwe. Mkamburi alisema, "Haya mama, si neno," wakalala na muhogo mkavu. Lakini lile neno lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Jezi ilitakata kweli.

Akaitazama ile mitungi arobaini, mitupu.

"Ni mimi," akasema. "Wakesho, lete hicho kichupa chako."

"Nyanya, hayo ndiyo maji yangu ya mechi."

"Najua. Lete."

Kutasa, kule kuitema hasira kwa kupuliza maji, hakufanyiki kwa mate makavu. Kichupa kilikuwa na funda moja tu. Mkamburi akalitia kinywani, akalituliza kidogo, akampulizia mjukuu wake kifuani, fuu, kama alivyoona mama yake akifanya kule milimani.

"Kama nilikukasirikia, hasira yenyewe ni hii, naitoa. Moyo uwe baridi. Udake."

"Nyanya! Jezi!"

"Hapo ndiyo imesuuzwa," akasema Wakio, na watu wakacheka.

Barafu ikalia, ikasonga, ikapita chini ya miguu ya Wakesho na kulifunika goli.

Kipenga cha mwisho kikalia; Mwatate walishinda, nne kwa tatu. Hakuna aliyenuna. Kina mama walizipigia vigelegele timu zote mbili, majembe yakaingia, na kila mtoto mgeni akapewa donge la kupeleka kwao.

Mitungi ilipojaa, Mkamburi alipiga magoti akalaza sikio kwenye ardhi yenye unyevu. Bomba lilikuwa linaenda, shwaa, kama jana na juzi. Hasira ya bomba hakuwa ameitema, na barafu haikumdai hiyo.

Akainuka, akapangusa sikio.

"Asante," akaiambia barafu iliyobaki, kama afanyavyo kila Jumamosi. Kisha akamgeukia Wakesho. "Beba huo mtungi wa kijani. Huo ni wa jezi."