Madoa Makavu Mgongoni mwa Olive

"Usimfute," Idella Maupin alisema. "Mwache hivyo hivyo na jasho lake."

Marce Yturri alikuwa ameshashika gunia mkononi. Akalirudisha begani. Tangu asubuhi alikuwa juu ya yule farasi jike wa kijivu, kupanda mlima mpaka kwenye miti ya mireteni na kushuka tena, kwa sababu Idella alimwambia hivyo kwenye simu: mfanyishe kazi, umlete akiwa amelowa. Sasa tandiko lilikuwa limeshushwa na kuwekwa juu ya ua wa mbao, na mgongo wa Olive ulikuwa wazi mbele yao, umelowa chapachapa kutoka mabegani hadi kiunoni. Isipokuwa mahali pawili. Nyuma kidogo ya mabega, huku na huku, palikuwa na doa kavu la ukubwa wa kiganja, kama vile farasi hakutoka zizini siku nzima.

Idella aliyatazama yale madoa kwa muda. Mgongo wa farasi hautoi jasho pale tandiko linapoubana kupita kiasi. Pakiendelea kubanwa huota nywele nyeupe, na kabla hazijaota, farasi ameshaanza kuuma watu. Angeweza kulieleza hilo usingizini. Tabu ni kwamba tandiko lenyewe alilitengeneza yeye, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, na Marce alikuwa amelisubiri miaka miwili.

"Labda ni mimi," Marce alisema. "Nimenenepa. Mke wangu anasema nakaa upande mmoja kama gunia la viazi."

"Ungekaa upande mmoja, doa lingekuwa moja."

"Basi nimenenepa pande zote mbili."

Idella alicheka kidogo, kicheko cha kumpa mtu heshima yake. Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo. Mtu atamlaumu farasi, atalaumu majani ya mwaka huu, atajilaumu mwenyewe na chakula cha mkewe, ilimradi asimwambie fundi usoni kwamba tandiko lake lina kasoro. Na fundi akiwa Idella, ambaye chapa yake kwenye ngozi ya mkanda huwafanya wanaume wazima wafungue makoti mnadani ili watu waione, basi ndiyo kabisa.

"Umekuwa ukimwekea nini chini?"

"Blanketi." Marce alikuna shingo. "Tangu Julai, mawili."

"Mawili!"

"Nilidhani yatampunguzia."

"Kiatu kikikubana, Marce, unavaa soksi mbili?"

"Usiniulize hivyo mbele ya farasi."

Moshi wa nyika inayoungua ng'ambo ya milima ulikuwa umetanda wiki nzima, na jua lilikuwa jekundu mchana kweupe. Kila mtu alikuwa anakohoa na hakuna aliyekuwa na hamu ya kufanya jambo lolote. Marce aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, na leo alionekana mzee kuliko Idella aliyemzidi umri.

"Nikikaza ukanda wa tumbo ananirushia teke," alisema. "Juzi nusura amvunje mtu goti. Jumatatu tunaanza kuteremsha ng'ombe mlimani, na msimamizi wa ranchi ameshasema: farasi wa namna hiyo aende mnadani. Unajua farasi mwenye mateke ananunuliwa na nani."

Idella alijua. Wote tunajua, na hatupendi kulitamka.

"Nimemlea tangu akiwa na miezi minne," Marce aliendelea. "Hakuwahi kuwa na tabia hiyo. Ndiyo maana nasema labda ni mimi."

Mlango wa kulikwepa kosa ulikuwa wazi, na Idella aliuona. Angenyamaza tu, angetikisa kichwa, angesema farasi jike wengine huharibika wakikua. Marce angeamini. Angerudi nyumbani na kosa ambalo si lake, Olive angepakiwa kwenye lori la machinjioni, na jina la Maupin lingebaki safi.

Aliitazama mikono yake. Mwezi Machi alikuwa ameweka kiunzi kitupu, ile mifupa ya mbao ya tandiko ambayo bado haijavikwa ngozi, juu ya mgongo huu huu. Kisha akapitisha kiganja chini yake kama alivyofanya maisha yake yote, akitafuta mahali panapobana na mahali palipo patupu. Hakusikia kitu. Akasema moyoni: laini, kimekaa vizuri. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi tangu mavuno ya mwaka uliotangulia, kwanza kidole cha mwisho, kisha jirani yake, kisha vyote. Kikombe kilimponyoka. Siku moja aliungua kwa nta ya kushonea na akajua kwa harufu. Hakumwambia mtu. Alijidanganya kwamba ni baridi.

Na alikuwa amechoka, huo ndio ukweli wenyewe. Alichoka kuvuta uzi kwa meno, alichoka kujifanya.

"Marce. Si wewe, na si farasi."

Marce aliinua kichwa.

"Nilikiweka kiunzi hapo nikakipapasa, na sikusikia lolote, kwa sababu vidole vyangu havisikii. Havisikii tangu mwaka jana. Kiunzi ni chembamba mno kwa farasi huyu. Nimembana kwa miezi mitatu, na wewe ukamwongezea blanketi. Basi."

Marce aliangalia kofia yake, akaigeuza ndani nje, akaigeuza tena.

"Unachomwa na jua hapo," alisema hatimaye. "Sogea kivulini, mama."

Idella hakusogea kivulini. Aliingia karakanani mwake, akatoka na kiunzi kimoja kila mkono, amevibana kwapani kama kuni, maana vidole havikuaminika. Alimwambia Marce amfute Olive sasa, vizuri, mpaka akauke. Kisha akaweka kiunzi cha kwanza mgongoni.

"Pitisha mkono chini."

"Mimi ni mchunga ng'ombe, Idella. Sijui ninachotafuta."

"Wewe una vidole. Cha kutafuta nitakwambia mimi. Kiganja kitazame juu. Anzia mbele, polepole. Sema."

Marce alipitisha mkono. "Mbele kunanipa nafasi. Hapa katikati... hakuna kitu. Mkono unapita kama chini ya daraja. Nyuma kunanibana."

"Kitoe. Hicho kingemuumiza mahali pengine."

Cha pili kilikuwa kipana zaidi. Olive aligeuza shingo, akawatazama, akarudisha kichwa. Safari hii Marce alipapasa taratibu, mkono umezama hadi kwenye kiwiko.

"Sema basi, usiniweke roho juu."

"Kinanigusa kila mahali," Marce alisema. "Sawasawa tu. Kama mtu amekushika mkono kanisani."

Idella alivuta pumzi, akakohoa moshi. "Hicho ndicho. Ngozi tutaifumua tuihamishie hapo. Jumatatu utatumia tandiko langu, ni pana, na mimi sipandi tena."

"Kuifumua kwa mikono hiyo?"

"Kwa yako. Mimi nitakaa kitini nikutukane."

"Na wengine wanaosubiri?"

"Nitawapigia simu leo. Watafute fundi mwingine."

"Watalia."

"Walie."

Marce hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado chini ya kiunzi. Alisogea kidogo, akamwachia nafasi ubavuni mwa farasi.

"Hebu weka na wako," alisema.

"Wa nini?"

"Weka tu, mama."

Idella aliuingiza mkono wake kando ya ule wa Marce, kati ya mbao na mgongo, mpaka ukafika mwisho. Hakuweza kusema mbao zinaanzia wapi wala farasi anaishia wapi.

"Unasikia nini?"

Alifumba macho. Olive alishusha pumzi ndefu, akapumzisha mguu mmoja wa nyuma.

"Joto," Idella alisema. "Nasikia ana joto."

Wakasimama vile vile, na hakuna aliyetoa mkono.