Grenda ya Injinia

Injinia hakusomea chochote. Jina alijipa mwenyewe siku alipofungua karakana. Mama alimjua tangu akiwa shemeji mdogo asiyeweza kupigilia msumari bila kujigonga kidole. Leo ana penseli sikioni na tumbo la kibosi, na binti wa mama, seremala hasa, ndiye anayemfanyia kazi.

Mchana ule mama alipopitia pale alimkuta anafunga diski lenye meno, la kukatia mbao, kwenye grenda, mashine ya kukatia vyuma. Diski lilikuwa kubwa, halikuingia. Basi akang'oa kinga ya diski na kuitupa kwenye maranda.

"Shemeji, hiyo si ya vyuma?"

"Mota ni mota, shemeji. Msumeno ule wa mezani, unaoshushwa juu ya ubao, ni ghali halafu unajua kazi moja tu, kukata mbao."

"Ndiyo kazi uliyopewa."

Injinia akacheka kama anayemhurumia mtu. Mama akachukua miguu miwili ya meza aliyoikata Injinia asubuhi kwa diski dogo, akaisimamisha sakafuni. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, na ncha zake zimelika upande kama kisigino cha kiatu kikuukuu.

"Sakafu hii haiko sawa," akasema Injinia.

Akamwita binti aliyekuwa akipima mbao, akamkabidhi grenda, na juu yake glavu za kitambaa. "Usalama kwanza."

Mama akaziangalia glavu zile. Aliishia darasa la saba, lakini hata yeye aliona: glavu mbele ya meno yanayozunguka! Uzi mmoja ukinaswa, mkono unaufuata.

"Mwanangu, weka chini."

"Mama, kazi inatakiwa kesho."

"Asiyetaka kukata, mlango ule pale," akasema Injinia.

"Haya, kata wewe, fundi mkuu," mama akamwambia. "Tukuone."

Hakuweza kukataa mbele yao. Akalaza ubao juu ya matofali mawili, huku na huku, akaukanyaga katikati kwa mguu wenye ndala, akawasha. Diski lilipozama, ubao ukabonyea na kulibana. Grenda ikaruka kama mbuzi aliyechomwa, ikachana suruali yake gotini, ikajibamiza ukutani ikiendelea kunguruma. Binti ndiye aliyekimbia kuchomoa waya.

Injinia akajipapasa goti. Halikuwa na damu. Rangi ilipomrudia usoni, akatamka, "Ubao mbovu."

Ubao ulikuwa safi kama sahani.

Binti akavua glavu, akazitandika juu ya meza, akaanza kupanga mbao begani.

"Unazipeleka wapi?"

"Kwa mtengeneza majeneza, baba mdogo. Msumeno wake una kinga na una kishikio cha kubana ubao. Nitakata huko, zote zitatoka sawa."

"Kwa yule! Wateja wake hata hawalalamiki!"

"Ndiyo maana mwanangu hataki kuwa mmoja wao," mama akasema, akashika ncha ya pili ya mbao, wakatoka.